Kufunika, Kuvika na Kusitiri: Mwili wa Sarah Baartman katika Sanaa ya Nguo

Utangulizi

Kiswahili kina vitenzi kadhaa vya kulielezea tendo la kuweka nguo juu ya kitu au juu ya mtu, na vitenzi hivyo haviazimani nafasi ovyo. Chungu hufunikwa. Bibi arusi huvikwa. Maiti husitiriwa. Kitenzi cha kwanza kinahusu kitu na kifuniko chake, wala hakimwulizi anayefunikwa lolote. Cha pili kinahusu hadhi: anayevikwa, iwe nguo, pete au taji, hupandishwa cheo mbele ya watu. Cha tatu ndicho kizito zaidi kimaadili. Anayesitiri anaitambua aibu ambayo ingempata mwenziwe, akaamua kusimama baina ya aibu hiyo na macho ya watu. Ndiyo maana mtu aliyelipiwa deni kimyakimya, pasipo majirani kujua, husema kwamba amesitiriwa, ingawa hakuna nguo yoyote iliyotumika.

Makala haya yananuia kuitumia tofauti hiyo ya vitenzi kama kigezo cha kuhakikia kazi mbili za sanaa kutoka Afrika Kusini. Kazi zote mbili zinahusu nguo, na zote zinamhusu Sarah Baartman, mwanamke Mkhoikhoi ambaye mabaki ya mwili wake yaliwekwa katika majumba ya makumbusho ya Paris kwa zaidi ya karne moja na nusu. Kazi ya kwanza ni mfululizo wa tarizi za Senzeni Marasela. Ya pili ni tendo la wanawake weusi wa Chuo Kikuu cha Cape Town la kuivisha kanga na kilemba sanamu ya Sarah iliyoundwa kwa vyuma na Willie Bester. Hoja inayoendelezwa hapa ni kwamba nguo haimheshimu marehemu kwa sababu tu imeuficha mwili wake. Humheshimu pale inapoliendeleza tendo alilolianzisha yeye mwenyewe alipokuwa hai, na pale inapoacha dhahiri mkono wa aliyeiweka.

Huenda msomaji akauliza nguo ina nini cha kufanya katika jarida la uhakiki wa fasihi. Jibu liko karibu. Katika utamaduni wa Waswahili nguo husomwa. Kanga haikamiliki pasipo jina lake, yaani maneno yaliyochapwa chini ya mji wake, na wanawake wa pwani wamejibizana kwa majina hayo vizazi hata vizazi: wameteta, wamepatana, wamebembeleza na kuonya bila ya kufungua vinywa. Mhakiki aliyelelewa katika desturi hiyo ana haki ya kuikabili nguo kama anavyolikabili shairi, na kuuliza nani anasema, anamwambia nani, na kwa mamlaka gani.

Nguo Iliyovua

Historia ya Sarah Baartman imesimuliwa mara nyingi kama historia ya uchi. Ni sahihi zaidi kuisimulia kama historia ya nguo.

Sarah alizaliwa katika nusu ya pili ya karne ya 18, katika eneo ambalo leo ni sehemu ya jimbo la Rasi ya Mashariki. Jina alilopewa na wazazi wake halikuhifadhiwa. Saartjie, yaani Sarah mdogo, ni jina la Kiholanzi alilopachikwa utumishini. Mnamo 1810 alipelekwa London na Hendrik Cesars na Alexander Dunlop, akaonyeshwa kwa kiingilio katika mtaa wa Piccadilly. Mwezi Novemba mwaka huo wapinzani wa utumwa walilifikisha shauri lake mahakamani, na katika ushahidi wao walilalamikia vazi lake. Hakuwa uchi. Alikuwa amevishwa nguo yenye kubana sana, ya rangi iliyokaribiana mno na rangi ya ngozi yake, hata mtazamaji akadhani anaona mwili wenyewe. Hiki ni kinaya kinachostahili kutiliwa maanani: nguo ilitumiwa kuvua. Ilishonwa ili isionekane kuwa ni nguo. Mahakama ilimhoji kwa Kiholanzi, ikaridhika kwamba yuko pale kwa hiari, na maonyesho yakaendelea.

Mwaka 1814 alipelekwa Paris, na mwezi Machi 1815 akafikishwa mbele ya wanasayansi na wachoraji katika bustani ya kifalme ya mimea na wanyama. Hapo ndipo nguo ya pili inapoingia. Henri de Blainville, mmojawapo wa wanasayansi hao, aliandika kwamba ilikuwa kazi kubwa kumshawishi Sarah avue nguo zake, na kwamba hata alipozivua aliendelea kukishikilia kitambaa chake cha mkono ili kujisitiri. Aliahidiwa pesa, akazikataa. Maandishi ya wanasayansi hao hayakukusudiwa kumsifu, lakini bila kujua yamehifadhi kauli yake iliyo bayana kuliko zote. Hatuna barua wala wasia wa Sarah. Tuna kitambaa kimoja na mkono uliokataa kukiachia.

Sarah alifariki mwishoni mwa Desemba 1815. Georges Cuvier alichukua umbo la mwili wake kwa plasta, akaupasua, akahifadhi ubongo na viungo vya uzazi katika chupa, na kukitengeneza kiunzi cha mifupa kwa ajili ya maonyesho. Taarifa yake aliichapisha mwaka 1817. Kilichoshindikana kuonekana alipokuwa hai kilionekana alipokuwa hana tena mkono wa kuzuia. Kiunzi na sanamu ya plasta vilihamia baadaye katika Musée de l'Homme, jumba lililoanzishwa mwaka 1937, na vikaendelea kutazamwa na umma hadi katikati ya miaka ya 1970. Aliyezikwa siku ile ile angesitiriwa kwa sanda. Sarah alikaa miaka zaidi ya 150 bila sanda, na kioo kilichomfunika kilikuwa kifuniko cha kuonyeshea.

Serikali ya Nelson Mandela iliomba mabaki hayo yarudishwe mwaka 1994. Mnamo 1998 mshairi Diana Ferrus, mwenye asili ya Kikhoikhoi, aliandika shairi ambalo msemaji wake anamwendea Sarah ugenini ili kumchukua. Shairi hilo lilisomwa katika Seneti ya Ufaransa, na mwaka 2002 sheria ya kuyaachia mabaki ikapitishwa. Ni nadra ushairi kuwa na athari ya moja kwa moja namna hii katika maamuzi ya dola. Mapema Agosti 2002, kabla ya mazishi, ilifanyika mjini Cape Town hafla ya kumvika Sarah mavazi, na tarehe 9 Agosti, Siku ya Wanawake nchini humo, akazikwa katika kilima kimoja huko Hankey, kwenye bonde la mto Gamtoos. Sanaa inayojadiliwa hapa yafaa isomwe kama mwendelezo wa hafla ile ya Agosti. Mwili ulikwisha kuvikwa na kuzikwa. Lakini picha, michoro na sanamu za mwili huo zilikuwa zingali zikitembea duniani pasipo nguo.

Uzi wa Theodorah

Senzeni Marasela alizaliwa mwaka 1977 huko Thokoza, mashariki ya Johannesburg. Katika kazi zake nyingi anarejelea mhusika mmoja, Theodorah, aliyemjenga kutokana na maisha ya mama yake mzazi. Theodorah ni mwanamke wa mashambani katika Rasi ya Mashariki ambaye mumewe alikwenda kutafuta kazi Johannesburg; naye humfuata, humtafuta, humngoja. Kungoja huku si mada tu, bali pia ni namna ya kutenda: kuanzia 2013, kwa muda wa miaka 6, msanii mwenyewe alivaa kila siku vazi jekundu la shweshwe, kitambaa kinachohusishwa na mwanamke aliyeolewa, akiishi kungoja kwa Theodorah.

Mfululizo unaotuhusu una jina la Kiingereza ambalo kwa Kiswahili lingetafsirika kama Kumfunika Sarah. Fani yake ni ya kadiri. Msanii ametarizi kwa uzi mwekundu juu ya kitambaa cha kawaida, mistari myembamba inayofuata mipaka ya miili bila kuijaza. Theodorah, ambaye katika kazi za Marasela huonekana mara nyingi kwa mgongo, amemjia Sarah na anajaribu kumkinga na macho ya watu. Sehemu kubwa ya kitambaa imeachwa tupu. Hakuna Piccadilly, hakuna wanasayansi, hakuna kioo.

Uteuzi huu wa fani una uzito wa kimaudhui katika mambo matatu. La kwanza ni hilo la utupu. Mchoraji wa 1815 aliuzungushia mwili wa Sarah vipimo. Marasela ameuzungushia nafasi. Watazamaji wa zamani wameondolewa ndani ya picha, lakini mahali pao hapakuzibwa. Anayesimama mbele ya kitambaa anatambua, kwa fadhaa fulani, kwamba mahali hapo ndipo aliposimama yeye. Kwa hiyo Theodorah anapomkinga Sarah, anamkinga pia na mtazamaji wa leo, awe amekuja kwa nia njema kiasi gani.

La pili ni kumfanya Theodorah aupe mgongo umma. Mgongo katika picha hizi ni ukuta. Mtazamaji hapewi uso wa kuusoma huruma, wala machozi ya kumwondolea wajibu wa kufikiri. Anachopewa ni mwili wa mwanamke mmoja uliogeuzwa kuwa pazia la mwanamke mwingine. Wanawake hawa wawili hawakuishi karne moja, lakini wametoka upande mmoja wa nchi na wamesafiri kwa sababu moja: kulikuwa na mji wa mbali uliohitaji miili ya watu wao. Mji wa Sarah ulihitaji kutazama. Mji wa Theodorah ulihitaji vibarua wa migodini. Kwa kuwakutanisha, Marasela anaitoa aibu ya Sarah katika orodha ya maajabu ya kale na kuiweka katika historia ya kazi, ndoa na uhamaji, ambamo bado ina ndugu wengi.

La tatu ni sindano yenyewe. Tarizi hutokana na kutoboa. Kila mstari unaomsitiri Sarah umepita ndani ya kitambaa na kutokea upande wa pili, na uzi ni mwekundu. Mtu aliyekwisha kusoma juu ya upasuaji wa Cuvier hawezi kuuona uzi huo pasipo kukumbuka kisu. Hapa msanii anakiri jambo ambalo kazi nyingi za kumbukumbu hujaribu kulikwepa: hata mkono unaoponya hauna budi kugusa jeraha. Tofauti ni kwamba mshono huacha vitu viwili vimeungana.

Hata hivyo, mfululizo huu hauna budi kukabiliwa na swali gumu. Ili Theodorah amfunike Sarah, ni lazima Sarah achorwe, na ili mtazamaji amtambue Sarah, ni lazima achorwe kwa umbo lile lile ambalo michoro ya karne ya 19 ilimzoesha kulitambua. Marasela, kwa maana hiyo, anaazima mstari wa adui ili kuufutia. Na kwa kuwa ni mfululizo, tendo la kufunika linarudiwa kitambaa baada ya kitambaa, na kila mara Sarah huwa hajafunikwa bado. Mhakiki mkali angeweza kusema kwamba kazi inayotangaza kufunika imeuanika mwili upya. Lawama hii ina ukweli ndani yake, nayo haiondolewi kwa kusifu nia ya msanii. Ikiwa inajibika, inajibika kwa kutazama kile kilichotariziwa hasa. Marasela hakutarizi mwili uliofunikwa, tendo ambalo lingekwisha mara moja. Ametarizi kufunika, tendo lisilokwisha. Kiini cha picha ni mkono wa Theodorah, nao ndio unaozuia kitenzi cha jina la kazi hii kubaki kufunika tu, na kukisogeza polepole kuelekea kusitiri.

Kanga juu ya Chuma

Kazi ya pili ina mtunzi mmoja wa chuma na watunzi wengi wa nguo. Mwaka 2000 Willie Bester, msanii maarufu wa vyuma chakavu, aliunda sanamu ya Sarah Baartman kwa vipande vya mitambo vilivyochomelewa pamoja. Chuo Kikuu cha Cape Town kiliinunua na kuiweka maktabani. Dhamira ya Bester haina utata: mwili wa Sarah ulifanywa mashine ya kuzalishia pesa na nadharia, kwa hiyo umeundwa kwa mabaki ya mashine. Lakini sanamu ilisimama uchi, mahali pa kusomea, na maelfu ya wanafunzi, wengi wao wanawake weusi, walipita mbele yake kila siku wakienda kuazima vitabu ambavyo baadhi yake vilikuwa vya sayansi ile ile iliyompasua.

Katika kipindi cha vuguvugu la wanafunzi lililoanza 2015, wanawake weusi wa chuo hicho waliivisha sanamu hiyo kanga na kilemba. Mwaka 2018 mavazi hayo yalivuliwa, kisha yakavishwa tena, na mabishano makali yakazuka. Upande mmoja ulidai kwamba kuifunika kazi ya msanii ni kumziba mdomo, na kwamba maktaba si mahali pa kuficha. Upande wa pili ulidai kwamba heshima ya Sarah yatangulia uhuru wa anayemchonga. Desemba mwaka huo huo chuo kiliamua kuupa ukumbi wake mkuu, uliokuwa ukiitwa kwa jina la mkoloni Jameson, jina la Sarah Baartman.

Msomaji wa Kiswahili analo la kuongeza katika mjadala huo, kwa sababu nguo iliyochaguliwa ni nguo anayoijua. Mombasa na Lamu kanga huitwa leso, neno lililotokana na Kireno lenye maana ya kitambaa cha mkono. Simulizi iliyoenea sana kuhusu asili yake husema kwamba wanawake wa pwani katika karne ya 19 walinunua vitambaa vya mkono vya wafanyabiashara na, badala ya kuvichana kimoja kimoja, wakavishona pamoja vikawa nguo pana ya kujitandia. Kanga basi, kwa jina na kwa asili, ni kitambaa cha mkono kilichopanuliwa hadi kikamtosha mtu mzima. Inapowekwa juu ya sanamu ya mwanamke aliyepigania kitambaa chake cha mkono mbele ya wanasayansi wa Paris, alama na kiashiriwa hukutana kwa namna ambayo huenda waliovisha hawakuipanga. Alichokishika Sarah mnamo 1815 kimerudi kwake kikiwa kikubwa zaidi.

Aidha, kanga ina kazi yake katika kifo. Katika jamii za Waswahili hutumika kumkinga marehemu anapooshwa, na hutandikwa juu ya jeneza la mwanamke anapopelekwa kaburini. Anayeoshwa hatazamwi hata na anayemwosha: mkono hupita chini ya nguo. Maadili ya tendo hili ni kinyume kamili cha maadili ya jumba la makumbusho la karne ya 19. Katika moja, kumjua mtu ni kumwona. Katika jingine, kumtendea mtu haki ya mwisho kunawezekana bila ya kumwona, na kwa kweli kunalazimu kutomwona.

Udhaifu wa tendo la Cape Town, ikiwa ni udhaifu, ni kwamba halikamiliki. Nguo juu ya chuma huteleza, huchakaa, huvuliwa. Sanamu yaweza kudumu karne. Kanga haidumu miaka mingi. Lakini ndipo ilipo nguvu yake. Nguo inayoweza kuvuliwa inamhitaji mtu wa kuivisha tena, na kila anayeivisha anajitwisha wajibu kwa jina lake. Heshima iliyochongwa katika jiwe humwachia jiwe kazi ya kuheshimu. Kaburi la Hankey lenyewe lilipakwa rangi nyeupe na wahalifu mnamo Aprili 2015. Jiwe halikuweza kujilinda.

Methali Mbili

Mabishano ya 2018 yanaweza kufupishwa kwa methali mbili za Kiswahili zinazopingana. Ya kwanza husema: Mficha uchi hazai. Anayeona haya kuonyesha maradhi hapati tiba, na taifa linaloufunika uovu wake halizai maadili mapya. Hii ndiyo hoja ya watetezi wa sanamu ya Bester. Ya pili husema: Nguo ya kuazima haisitiri matako. Kwa mwanamke ambaye Ulaya nzima ilimkejeli kwa kiungo hicho hicho, methali hii inakuwa na ukali usio wa kawaida. Inauliza: je, nguo aliyopewa Sarah na wasanii, na wanafunzi, na serikali iliyomzika kwa hotuba, ni yake, au ni ya kuazimwa tu, itakayodaiwa siku nyingine?

Methali ya kwanza ina sharti ambalo watetezi wake huelekea kulisahau. Anayezungumziwa ndani yake ni mwenye uchi. Ni yeye anayeamua kujifunua mbele ya mkunga au mganga kwa ajili ya manufaa yake. Methali haimpi jirani ruhusa ya kumfunua. Mfano wa kufaa ni maonyesho yaliyofanyika Cape Town mwaka 1996 kwa usimamizi wa Pippa Skotnes, yaliyokusanya plasta, picha na vyombo vya vipimo ili kuishtaki sayansi iliyowadhalilisha Wakhoisan. Nia ilikuwa kushtaki. Lakini wageni walikanyaga sakafu iliyotandikwa picha, na baadhi ya Wakhoisan waliohudhuria walilalamika kwamba wazazi wao wamevuliwa tena. Ushahidi dhidi ya mkosaji uligeuka, machoni pa warithi wa aliyekosewa, kuwa marudio ya kosa.

Methali ya pili nayo hujibiwa kwa kukirejea kile kitambaa. Nguo ya Sarah si ya kuazima pale tu inapotokana na tendo lake. Theodorah hambuni Sarah mwenye haya ili aonekane mwema. Sarah alikwisha kujisitiri. Wanawake wa Cape Town hawakumtwika aibu ambayo hakuwa nayo, kama baadhi ya wapinzani wao walivyodai. Walichukua upande wa kitambaa uliokuwa umeshikwa tangu 1815, wakaushika na wao. Hapo ndipo kusitiri kunapotengana na kuficha. Anayeficha hukilinda kitu kisijulikane. Anayesitiri hulilinda jambo linalojulikana na wote lisigeuzwe kuwa tamasha.

Fuvu la Kalenga

Itakuwa rahisi kwa msomaji wa Afrika Mashariki kulichukulia suala hili kuwa la Cape Town na Paris. Mfano mmoja wa karibu unatosha kuonyesha sivyo. Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alijiua mwaka 1898 ili asitiwe mikononi mwa Wajerumani, nao wakakikata kichwa chake. Mkataba wa Versailles wa 1919 ulidai fuvu lake lirudishwe. Ilikuwa hadi 1954 ndipo Gavana Edward Twining alipolirudisha fuvu lililoteuliwa katika jumba la makumbusho la Bremen, kwa kupima mafuvu na kulinganisha. Fasihi ya Kiswahili imelibeba jina lake, hasa katika tamthilia ya M. M. Mulokozi, Mukwava wa Uhehe (1979). Fuvu lenyewe limewekwa katika jumba dogo la makumbusho huko Kalenga, karibu na Iringa, ndani ya kioo, na wageni hulitazama.

Mfano huu unaikataa kanuni nyepesi kwamba kuonyesha ni kudhalilisha na kufunika ni kuheshimu. Kioo cha Kalenga na kioo cha Bremen ni vioo, lakini havikuwekwa na mkono mmoja. Kwa wazawa waliolidai kwa miaka mingi, fuvu lililo wazi ni ushahidi wa ushindi uliocheleweshwa, na ni wao, si mgeni, wenye haki ya kuamua lini litoke kiooni liende kaburini. Mwanamke wa Gamtoos alikataa kutazamwa. Kwa hiyo warithi wake wanamsitiri. Shujaa wa Kalenga alikataa kushikwa. Warithi wake wamemshika wenyewe. Lakini pia mfano huu unaacha swali kwa waandishi na wasanii wa Kiswahili. Tamthilia imempa Mkwawa sauti. Nguo je? Ni nani atakayelisogelea fuvu lile, si kwa kalamu bali kwa kitambaa, na Wahehe watamwambia nini?

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba tarizi za Marasela na kanga za Cape Town zina thamani kwa sababu zinaifanya nguo kuwa kauli, wala si kifuniko. Kazi ya Marasela ina kasoro yake: haiwezi kujinasua kabisa na umbo ililoliazima kwa maadui wa Sarah. Tendo la Cape Town nalo lina kasoro: halina mwisho, na lategemea watu ambao kesho wanaweza kuhitimu na kuondoka. Hata hivyo, zote mbili zinaipita hatua ya kumwonea Sarah huruma. Zinamtambua kuwa mtendaji wa kwanza wa tendo linalosifiwa.

Uhakiki wa sanaa ya kumbukumbu, kwa sababu hiyo, usitosheke kuuliza kama marehemu ameonyeshwa au amefichwa. Uulize alitaka nini alipokuwa na mkono wa kutaka, na kama nguo iliyowekwa juu yake leo imeanzia pale mkono wake ulipoachia. Kwa Sarah Baartman jibu limo katika kumbukumbu za wale wale waliomtazama. Alikuwa na kitambaa. Alikishika. Waliahidi kumlipa, akakataa.